Jani la Shimba, Nukta ya Mazeras

Tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia, na siku hizi hata video za dakika moja. Mimi leo nataka kuhakiki ramani. Hebu nivumilie. Ramani ninayoisema ni maandishi kama maandishi mengine: ina waandishi, ina msamiati wake, ina mambo inayoyasema kwa sauti kubwa na mengine inayoyanyamazia. Na kama maandishi mengi yanayotuhusu sisi watu wa Kwale, sehemu kubwa yake iliandikwa na watu waliokuwa wapita njia.

Unaipata bure kwenye simu. Mtandao unaoitwa GBIF, ulioanzishwa 2001 na wenye ofisi yake kuu Copenhagen, hukusanya rekodi za viumbe kutoka makumbusho, vyuo na watu wa kawaida wa dunia nzima. Rekodi zimeshapita bilioni mbili. Nyingi ni za ndege na wadudu walioonwa tu, mtu akapiga picha akaenda zake. Lakini unaweza kuzichuja zibaki za vielelezo peke yake: jani lililokaushwa likabandikwa kwenye karatasi, chura aliyetiwa kwenye chupa ya spiriti, kipepeo aliyechomwa pini. Ukishachuja, ivute ramani mpaka pwani yetu ya kusini. Utaona nukta zimerundikana Shimba Hills, zimeshuka Diani, zikatapakaa kuelekea Msambweni na mpaka wa Tanzania. Nyuma ya kila nukta kuna kitu cha kushikika, kimelala kwenye droo Nairobi, au London, au mji mwingine ambao mimi na wewe hatujaukanyaga. Bofya nukta, rekodi ifunguke: jina la Kilatini, jina la aliyechuma, tarehe, mahali.

Nianze kwa kuisifu, maana inastahili. Makabati ya mimea kwenye makumbusho hupangwa kwa ukoo wa mmea. Mikunde na mikunde, mipamba na mipamba. Zamani ukitaka kujua makumbusho fulani ina nini kutoka Kwale, ilibidi uende mwenyewe, ufungue kabati baada ya kabati, usome karatasi moja moja. Ramani imeupindua mpangilio huo. Sasa mtu anaweza kukaa Kona ya Musa, bando likiwa bado lina uhai, akauliza swali ambalo babu zetu hawakuwa na pa kuliulizia: nyinyi huko, mna nini cha kwetu?

Na kuna jambo jingine linaloniuma mimi binafsi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu siku hiyo milango mingi ya usomi naiona kwa nje. Makala inadai dola, maktaba inadai kadi, mtaalamu anadai barua kutoka kwa mkuu wa idara. Ramani hii haikuniuliza ninasoma wapi. Iliniachia niingie na miguu yangu yenye vumbi. Kwa hiyo ninayoyasema chini ni maneno ya mtu anayeipenda, na ndiyo maana nataka kuisoma kwa jicho kali.

Lebo ni utanzu

Kila kielelezo huja na lebo, kikaratasi kidogo chenye maneno machache kuliko ujumbe wa simu. Mimi nauita utanzu. Una kanuni zake (nani, lini, wapi), una ufundi wake, na una waandishi wavivu na waandishi makini. Mwandishi makini atakwambia mti ulikuwa ukingoni mwa kijito, kivulini, maua meupe, urefu mita nne. Mwandishi mvivu ataandika Mombasa, yamekwisha.

Mfano wangu mkuu ni mtu ambaye wapenzi wa fasihi ya Kiswahili wanamjua vizuri. Padre William Ernest Taylor, mmishonari wa Kianglikana, alifika Mombasa 1880. Alikusanya methali zetu na kuzitoa kitabuni 1891. Kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyahifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji, na hati hizo ziko London mpaka leo. Kinachosahaulika ni kwamba Taylor alikusanya majani pia. Miaka ya 1880 alipeleka mimea iliyokaushwa makumbusho ya London, na penye mahali akaandika maneno yenye maana hii: Giriama na milima ya Shimba.

Simama hapo kwanza. Giriama iko kaskazini ya Mombasa. Shimba iko kusini. Katikati kuna bahari iliyoingia nchi kavu, kuna Warabai, kuna Waduruma, kuna mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Lebo moja imeyafunga yote kwa neno “na”. Kwa msomaji wa karatasi hilo si tatizo kubwa. Ataelewa kwamba padre alizunguka huku na kule, na jani ni la safari hiyo. Lakini ramani haijui kusema “huku na kule”. Ramani inataka nukta. Sasa nukta uiweke wapi?

Ukiiambia programu itafute katikati, nukta itaangukia pande za Mazeras. Yaani mahali ambapo lebo yenyewe haipataji kabisa. Ukichagua Shimba kwa sababu msitu upo bado, umeamua wewe, si Taylor. Ukiiacha bila nukta, jani linapotea kwenye ramani, na kwa mtafiti wa siku hizi asiyefungua makabati, jani lisilo na nukta ni kama halipo.

Wataalamu wanalijua tatizo hili. Mwaka 2004 John Wieczorek na wenzake walieleza njia ambayo sasa hutumika sana: usiweke nukta tupu, weka nukta na duara linaloizunguka. Upana wa duara ndio kiasi cha mashaka yako. Lebo iliyoandikwa kwa GPS duara lake ni la mita chache. Lebo ya Taylor duara lake lingemeza nusu ya pwani. Mimi napenda sana wazo hili, kwa sababu ni adabu iliyoandikwa kwa namba. Linasema: najua mpaka hapa, zaidi ya hapa sijui. Shida ni kwamba ukifungua ramani kubwa huyaoni maduara. Unaona nukta, zote za ukubwa mmoja, zote zina uhakika uleule. Mashaka yamefichwa ndani ya rekodi, kwenye mstari ambao wengi wetu hatuufikii.

Namba zinapokosea

Nukta hutokana na namba mbili. Diani iko latitudo hasi 4.3 na longitudo 39.57, kwa kukadiria. Alama ile ya hasi ndiyo inayotuweka kusini ya ikweta. Anayeandika akiisahau, mmea wa Diani unahamia kusini ya Ethiopia, kwenye nchi kavu ya wafugaji. Akizibadilisha namba nafasi, ya kwanza ikawa ya pili, mmea wa Diani unaota Uhispania, si mbali na mji wa Toledo. Na mashine zinazojaza sifuri pasipo na kitu zimezaa msitu wa ajabu pale latitudo sifuri na longitudo sifuri, katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea.

Haya yanachekesha, na mtu mwenye macho huyaona na kuyarekebisha. Makosa ya hatari ni yale madogo, ya kilomita tano au kumi, yanayobaki ndani ya Kwale na kuonekana kama ukweli. Nieleze kwa nini.

Mmea kuorodheshwa kuwa uko hatarini kutoweka duniani ni jambo la hesabu. Kuna programu iitwayo GeoCAT, iliyotengenezwa na watu wa bustani ya Kew, Uingereza. Unaipa nukta za vielelezo, inakuchorea umbo la eneo lote linalozizunguka, kisha inagawa ardhi kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili na kuhesabu mingapi ina mmea huo. Mraba mmoja ni kilomita 4 za mraba. Moja ya mipaka ya daraja la hatari kuu kabisa ni kilomita 10 za mraba. Kwa hiyo mmea wenye miraba miwili una kilomita 8, uko ndani ya mpaka. Wenye miraba mitatu una 12, umetoka. Yapo masharti mengine pia, lakini umeona mwenyewe: nukta moja iliyosogezwa na mtu aliyekisia inaweza kusaidia kuutoa mti kwenye daraja lake.

Sasa weka hapo misitu yetu. Kaya Kinondo ina hekta 30 hivi. Inaingia mara 13 ndani ya mraba mmoja wa programu hiyo. Kwa hesabu ya mashine, mti ulio ndani ya Kaya na nyumba za wageni zilizo nje yake vinaweza kuwa kwenye mraba mmoja, na mraba mzima ukahesabiwa kuwa ni makazi ya mti. Ukubwa huo wa mraba umewekwa ili dunia nzima ipimwe kwa kipimo kimoja. Sawa. Lakini kipimo kinachoweza kutoshea jangwa kinapolazimishwa kwenye kijisitu cha hekta 30, msomaji anapaswa kuambiwa.

Jombo, Longo, Mrima

Siku moja nilimsomea mzee jirani yangu, mwenyeji wa pande za Muhaka, majina ya mahali niliyoyatoa kwenye rekodi. Nilipofika “Jombo” akanikatiza.

“Dzombo, mwanangu. Huyo aliyeandika Jombo alikuwa na haraka.”

Lebo za Kwale zimejaa haraka ya namna hiyo. Dzombo ni Jombo. Gongoni ni Gogoni. Msitu mmoja ulio ndani ya Shimba Hills utaukuta Longo Magandi, Longomagandi, Longomwagandi. Kwa mzee huyu hayo yote ni kitu kimoja, anasikia sauti akajua. Kwa mashine ni misitu mitatu. Na kuna ule mlima ambao Waingereza waliuandika Mrima Hill, na mpaka leo ndivyo unavyoitwa kwenye karatasi. Kwa Kidigo mrima ni mlima. Kwa hiyo jina rasmi la mahali hapo ni Mlima Mlima.

Hii si hoja ya tahajia. Ukitaka kuiweka nukta ya lebo ya zamani mahali pake, unahitaji mtu anayejua jina lile lilimaanisha wapi wakati ule. Chukua hapa ninapoishi. Ukichuma jani leo Kona ya Musa, mtu wa mbali ataandika Ukunda au Diani, kwa sababu ndiyo majina aliyoyakuta kwenye ramani yake. Sisi tukisema Kona ya Musa tunajua tunasema wapi, na anayeomba kushushwa hapo hashushwi Diani Beach. Jina la kienyeji lina duara dogo la mashaka kuliko jina la ramani. Kwa maneno mengine, utaalamu wa kuweka nukta, ambao watu hulipwa kuufanya ofisini nchi za mbali kwa atlasi za zamani, kwa sehemu kubwa upo tayari kwenye vichwa vya wazee, wakata kuni na madereva wa boda. Hakuna aliyekuja kuwauliza kwa utaratibu. Na wazee hawasubiri.

Yupo aliyewahi kuuliza, na hapo ndipo ninapoudhika zaidi. Mwaka 1968 F. C. Magogo na P. E. Glover walikusanya mimea Shimba Hills. Ukisoma vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki utakutana na majina yao mawili mara kwa mara, na namba ya kielelezo pembeni. Mwaka uliofuata, pamoja na Bandari Hamisi, walitoa faharasa ya mimea ya Shimba Hills kwa majina ya Kidigo. Miaka mingi baadaye Mohamed Pakia aliandika juu ya mimea na matumizi yake kwa Wamijikenda. Yaani kazi ilishaanzwa, na ilianzwa na watu wa huku wakiwa mstari wa mbele.

Mfumo unaotumika kupanga rekodi hizi duniani unaitwa Darwin Core. Ni kama kabati lenye droo zilizokwisha pewa majina, na kila makumbusho hujaza droo zilezile ili data zipatane. Nilitarajia kukuta kwamba waliotengeneza kabati hawakutukumbuka. Kumbe ipo droo ya jina la kienyeji la kiumbe. Ipo droo ya mahali kama palivyoandikwa na mchumaji, neno kwa neno, bila kusahihishwa. Ipo droo ya kiasi cha mashaka, na ipo ya kueleza kama kuna taarifa zilizofichwa kwa makusudi. Lakini kwenye rekodi za Kwale nilizozifungua, jioni baada ya jioni, droo ya jina la kienyeji ilikuwa tupu. Mbambakofi ni Afzelia quanzensis tu. Mvule ni Milicia excelsa tu.

Hapo ndipo uhakiki wangu unapokaza. Wanaoishambulia teknolojia kwamba ni ya kigeni na haina nafasi ya maarifa yetu hawajaifungua. Nafasi ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kulipwa aketi na faharasa ya 1969 upande mmoja na rekodi upande wa pili, ajaze. Umaskini wa ramani hii uko kwenye bajeti na kwenye uamuzi wa kazi ipi ni ya lazima na ipi ni pambo. Jina la Kilatini limehesabiwa kuwa lazima. Jina la Kidigo limehesabiwa kuwa pambo.

Inachoonyesha na isichoonyesha

Turudi kwenye ramani yenyewe, tuiangalie kwa mbali. Nukta zimefuata barabara. Zimefuata hifadhi yenye lango na nyumba ya kulala wageni. Zimefuata ufuo. Ukienda ndani, pande za Kinango, zinapungua. Msomaji wa haraka atasema Kinango hakuna kitu. Lakini uwazi kwenye ramani hii una maana mbili tofauti kabisa: labda hakuna mmea, au hakuna aliyekwenda kutazama. Ramani inazichora zote mbili kwa rangi ileile, rangi ya kitu kisichokuwepo. Wakati wa mabishano kuhusu ardhi, tofauti hiyo ni kubwa. Anayetaka kuchimba, kufyeka au kujenga angependa sana uwazi usomwe kwa maana ya kwanza.

Kwale tunalijua hilo. Mlima Mrima una madini ya niobi na madini adimu mengine, na pia ni msitu wa hifadhi na mnara wa kitaifa. Kampuni ya Cortec ilikuwa na leseni ya kuchimba; serikali ikaifuta 2013. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye baraza la kimataifa la usuluhishi, na 2018 ikashindwa, kwa sababu leseni yenyewe haikupatikana kwa kufuata sheria za kulinda mahali kama hapo. Sisemi vielelezo vya makumbusho ndivyo vilivyoamua kesi. Ninachosema ni kwamba mahali palipoandikwa kisheria kuwa na thamani pana pa kusimamia. Mrima ni mojawapo ya misitu michache unakopatikana Gigasiphon macrosiphon, mti adimu wenye maua makubwa meupe. Wengine wako Muhaka na Gongoni. Hilo tunalijua kwa sababu mtu alichuma, akaandika, akahifadhi. Kilima cha jirani ambacho hakuna aliyekipanda na karatasi zake hakina utetezi huo.

Kitu kingine ramani isichokionyesha ni safari. Nukta iko palipochumwa jani. Jani lenyewe liko wapi sasa? Jibu limo ndani ya rekodi, kwa kifupi cha herufi mbili tatu, lakini halikuchorwa. Hebu fikiria ramani ambayo kutoka kila nukta ya Kwale kuna mstari unaokwenda hadi kielelezo kilipo. Mistari mingine ingeishia Nairobi, kwenye mkusanyiko mkubwa wa mimea wa Afrika Mashariki ulioanzia Amani, Usambara, 1902. Mingi ingevuka bahari. Michache ingeishia kwenye majivu: Mjerumani J. M. Hildebrandt alikusanya mimea Mombasa na Duruma miaka ya 1870, na mkusanyiko wa Berlin uliteketea kwa sehemu kubwa kwenye shambulio la mabomu la Machi 1943. Baadhi ya nakala zake zilisalimika kwa kuwa zilishagawiwa makumbusho nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kale ya kushirikiana vielelezo: huyu na yule wanagawana nakala, na kwao majani yalikotoka hakuna anayepelekewa kitu. Ramani ya mistari ingelisema hilo bila maneno. Ramani ya nukta inatupa hisia kwamba kila kitu kiko nyumbani.

Kaya haina nukta

Nimekuwa nikidai ramani ionyeshe zaidi. Sasa nageuka.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za Mijikenda kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na Kaya Kinondo imo. Ukienda huko kama mgeni utafungwa kaniki kiunoni, utapewa wa kukuongoza, na utaambiwa usichume wala usiokote. Kuna njia utakayopitishwa na kuna pande usizopelekwa. Ndani ya kaya kuna fingo, kinga iliyozikwa na wazee wa mwanzo, na si kila mzee anapajua ilipo, sembuse mtalii. Msitu umebaki hadi leo, katikati ya ardhi yenye bei kama ya Diani, kwa sababu ya watu waliojua kunyamaza.

Dunia ya data nayo imejifunza kunyamaza, kwa njia yake. Mtandao wa iNaturalist, ambao picha zake huingia GBIF, huficha mahali hasa pa viumbe walio hatarini: nukta huwekwa popote ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, kama kilomita 22 kila upande. Kwa Kwale kisanduku hicho kinatosha kutoka ufuoni Diani mpaka kwenye vilima vya Shimba, kwa hiyo usishangae ukiona mti wa Muhaka unaelea baharini. Ni uongo wa makusudi na wa heri, ili mwizi wa okidi asiletewe ramani ya kumwelekeza.

Lakini angalia nani anaamua. Mfumo wenyewe huficha kiumbe kwa sababu ni adimu kwa hesabu za wataalamu. Hauweki kisanduku wenyewe kwa sababu ya mahali. Mti wa kawaida kabisa uliosimama pembeni ya kaburi la mzee wa kaya haupewi kinga na mfumo wenyewe, kwa kuwa jamii yake ya miti imejaa tele mpaka Msumbiji. Kwa mantiki ya makumbusho, cha kulindwa ni spishi. Kwa mantiki ya kaya, cha kulindwa ni mahali, na kila kilichomo hulindwa kwa ajili ya mahali hapo. Mantiki hizi mbili hazijakutanishwa, na droo ya “taarifa zilizofichwa” ndiyo mahali zingeweza kukutana kesho asubuhi, kama kamati za wazee zingepewa sauti juu ya rekodi zilizotoka kwao.

Swali hilohilo linaligusa dai langu la majina ya Kidigo. Jina la mti ni la wote, watoto wanalijua. Lakini nyuma ya jina mara nyingi kuna dawa, na dawa ina wenyewe. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inataka ridhaa ya jamii. Kwa hiyo droo ya jina ijazwe. Ya matumizi ifungwe mpaka wenyewe waseme. Mwenye kaya hakuhitaji semina kuelewa tofauti hiyo. Amekuwa akiitumia kila anapomfunga mgeni kaniki.

Hukumu

Kama ingekuwa riwaya, ningesema hivi: hadithi kubwa, imepangwa vizuri, bei yake ni nzuri mno, lakini msimulizi ni mmoja tu na hajui kwamba ni msimulizi. Anadhani anaonyesha dunia ilivyo. Anaonyesha alikopita.

Ninayoitaka si makubwa. Ukibofya nukta, maneno ya lebo yaje kwanza, jinsi yalivyoandikwa, kabla ya namba. Duara la mashaka lionekane bila kutafutwa. Pasipochunguzwa pawe na rangi yake tofauti. Faharasa ya Magogo, Glover na Bandari Hamisi iunganishwe na rekodi za Shimba, kisha vijana wa Kwale walipwe kukaa na wazee kwa ajili ya majina ya mahali, maana hiyo ni kazi yenye ufundi na ina tarehe ya mwisho. Kuhusu kaya, waulizwe wenye kaya.

Mpaka hayo yatokee, isomeni kama ilivyo. Fungua, chuja vielelezo, andika Kwale, chagua nukta moja ya kabla ya uhuru. Usome jina la mahali kwa sauti mbele ya mtu mzima wa nyumbani kwenu na umwulize kama pana jina jingine. Jibu lake liandike, na tarehe, na jina lake yeye, akikuruhusu.